Usuhuba wa Chombo Kimoja: Wavuvi wa Bagamoyo na Wageni Wao wa Visiwani

Historia ya Bagamoyo imezoeleka kusimuliwa kwa pembe za ndovu, kwa misafara ya wapagazi, kwa minyororo ya watumwa na kwa bendera za wakoloni. Masimulizi hayo ni ya kweli, na magofu ya mji bado yanayatolea ushahidi. Lakini kabla ya Wanyamwezi wa kwanza kutua mizigo yao ufukweni hapo, walikuwapo watu waliokaa juu ya mchanga wakingojea maji yapwe au yajae. Na baada ya Wajerumani kuhamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, biashara ilipofifia na majumba ya mawe yalipoanza kumong'onyoka, watu hao walikuwa wangali pale pale wakingojea maji. Uvuvi uliitangulia fahari ya mji, na ukabaki baada ya fahari hiyo kuondoka.

Kazi hiyo haikuacha mikataba wala madaftari mengi. Iliacha kitu kingine ambacho waandishi wa historia hawakukitilia maanani sana, nacho ni usuhuba. Mtu wa Bagamoyo anapokuwa na ndugu asiye wa damu huko Tumbatu, Nungwi au Kojani, si ajabu chanzo cha udugu huo kikawa ni mshipi, wavu na chombo. Inafaa basi kuuliza usuhuba huo ulizaliwaje, ulishikwa na kanuni gani, na kwa nini katika miaka ya karibuni umetiwa katika mtihani mzito.

Jawabu la kwanza limo katika bahari yenyewe. Kati ya Bagamoyo na mji wa Unguja upo mkondo wa kiasi cha kilomita 45. Upande wa Mrima ufuko ni tambarare. Maji yakipwa hukimbia mbali, na vyombo hubaki vimelala ubavu juu ya mchanga. Mto Ruvu, ambao wakongwe waliuita Kingani, humwaga tope lake kaskazini ya mji, na mto Wami humwaga lake karibu na Saadani. Tope hilo na mikoko inayolishika ndiyo malezi ya kamba, na kwa hiyo ndiyo malezi ya samaki wanaowafuata kamba. Kusini, kuelekea Mbweni, Ununio, Kunduchi na Msasani, maji husafika na matumbawe huonekana. Huko vipo visiwa vya Mbudya, Pangavini na Bongoyo pamoja na Fungu Yasini, makao ya changu, tasi, pono na chewa. Ng'ambo ya mkondo, Unguja na Pemba zina miamba yao na vilindi vyao. Hakuna mahali pamoja penye kila kitu kwa kila msimu. Kaskazi ina samaki wake, kusi ina wake. Bamvua ina kazi yake, maji mafu yana yake. Mkulima hubaki kwenye konde lake akingoja mvua imfuate. Mvuvi hana budi kumfuata samaki, na akimfuata sana hujikuta mbele ya mlango wa mtu mwingine.

Jawabu la pili ni elimu. Bahari haina uzio, lakini ina anwani. Mvuvi wa mshipi huujua mwamba wake kwa kulinganisha alama za nchi kavu: mnazi mrefu uje sawa na kichwa cha kilima, au mnara wa msikiti uje sawa na ncha ya rasi. Pale mistari miwili ya macho inapokutana ndipo mahali pa kutia nanga. Elimu hiyo haiandikwi, na wala haigawiwi ovyo, kwa kuwa mwamba unaojulikana na wote hautamngoja mtu. Mvuvi anayemwonyesha mwenziwe alama zake amempa kitu kikubwa kuliko samaki. Amempa mahali pa kumpatia samaki siku zote. Kwa watu wa pwani hiyo ndiyo tafsiri ya rafiki iliyo na uzito: mtu uliyemwonyesha mwamba wako, naye akanyamaza.

Lugha yenyewe inaunga mkono fikra hiyo. Neno rafiki limetoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni mwenza wa safari. Sahibu ni mtu wa kuandamana naye. Mwandani, kwa Kiswahili chenyewe, ni aliye ndani. Somo ni mtu mnayeshiriki jina, na pwani ya Mrima kushiriki jina si jambo dogo, kwa maana humfanya mtu awe na haki nyumbani kwa mwenziwe. Zamani ulikuwapo pia undugu wa kuchanjiana, wa watu wawili kuchanjana chale na kuapizana kwamba atakayemsaliti mwenziwe asifike mbali. Misafara ya bara iliutumia sana undugu huo, kwani msafiri aliyepita katika nchi ya wengine alihitaji mwenyeji wa kumdhamini. Haja ya baharia ni hiyo hiyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ndiye mwenye sehemu kubwa katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903; na anayekisoma leo huona kwamba jamii hiyo haikuliacha jambo lolote la kuishi na watu bila ya kuliwekea utaratibu wake.

Kabla ya Bagamoyo ilikuwapo Kaole, kiasi cha kilomita tano kusini ya mji. Msikiti wake wa kale hukadiriwa kuwa wa karne ya 13, na bandari yake, ambayo zamani ilipokea vyombo, leo imefunikwa na mikoko. Wakaazi wa mwambao huo, toka Bagamoyo kushuka hadi Kunduchi na Mzizima, ambako baadaye ulijengwa mji wa Dar es Salaam, walijulikana kwa jina la Washomvi, na masimulizi yao huwapa asili ya Barawa. Maisha yao yalitegemea samaki, chumvi na biashara. Nyuma yao, barani, walikaa Wazaramo, watu wa mashamba. Mvuvi asiye na nafaka na mkulima asiye na kitoweo hawawezi kukaa mbalimbali kwa muda mrefu. Masimulizi ya kale yanaeleza kwamba Washomvi waliposhambuliwa na Wakamba, waliokolewa na Wazaramo chini ya kiongozi wao aliyeitwa Pazi, na kwamba tangu hapo walikubali kuwapelekea waokozi wao haki iliyoitwa kanda la Pazi. Yapo yanayotofautiana katika simulizi hizo, lakini jina lenyewe lina maana. Kanda ni mfuko wa kusukwa, chombo cha kubebea chakula njiani. Ahadi ya mataifa mawili ilipewa jina la mfuko wa kitoweo, na si jina la upanga.

Hata hivyo ni kosa kuupaka rangi za arusi uhusiano wa watu wa pwani. Karne ya 19 katika vyombo vya uvuvi walikuwamo waungwana na watumwa, na mtumwa aliyevua hakuvua kwa ajili yake peke yake. Baada ya utumwa kwisha palibaki tajiri, mwenye chombo na nyavu, na palibaki deni. Baharia aliyekopa unga msimu wa upepo mkali alilipa kwa samaki msimu wa shwari, na mara nyingine deni lilikwenda mwendo mrefu kuliko chombo. Usuhuba wa uvuvi haukuifuta tofauti hiyo. Ulichofanya ni kuiwekea mpaka: ndani ya chombo, kilindini, amri ni ya nahodha na si ya mwenye mali, na nahodha hupewa unahodha kwa ujuzi, si kwa nasaba. Manahodha wengi, husemwa, chombo huenda mrama. Mtoto wa tajiri akipanda chomboni hufua maji kama mwingine.

Ngalawa ndiyo skuli ya kwanza ya usuhuba huo. Ni gogo lililochongwa, jembamba, lisiloweza kusimama peke yake bila ya mabawa yake mawili ya ubavuni. Ndani yake hukaa watu wawili au watatu. Mmoja hushika usukani, mmoja hulitunza tanga, na upepo unapovuma kwa nguvu mmoja hutoka na kwenda kukaa upande wa joshi ili uzito wake uizuie ngalawa isipinduke. Huyo aliyekaa nje, juu ya maji, maisha yake yamo mkononi mwa mwenye tanga. Akiiachia kamba ghafla, wa nje huzama. Watu waliokwisha kukaliana hivyo alfajiri nyingi, wakitoka kwa umande wa bara na kurejea mchana kwa upepo wa bahari, hawahitaji kuapizana. Wameshaapizana kwa kazi.

Kanuni ya pili ya chombo ni mgao. Samaki huuzwa mnadani, gharama hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawiwa: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Juu ya hesabu hiyo kipo kitoweo, samaki ambao kila mmoja huwachukua nyumbani kabla ya mnada. Kitoweo si mshahara. Ni heshima, na hupewa hata mzee ambaye hakwenda baharini, aliyewahi kuwa baharia na sasa macho yake yamechoka. Hupewa mjane wa mtu wa chombo. Aliyekaa pwani akasaidia kukivuta chombo mchangani naye hakosi samaki wake. Mgao ukienda kwa haki, usuhuba hudumu. Ukienda kwa hila, wavu mzima hautoshi kuwapatanisha watu watatu.

Katika mazingira hayo ndipo ilipokua desturi ya dago. Kwenda dago ni kuhama kwa muda kwa ajili ya uvuvi: kundi la wanaume huondoka kwao na vyombo vyao, huweka kambi katika ufuko wa mbali, huvua kwa wiki au miezi kwa kufuata upepo na mwezi, kisha hurejea. Watu wa kisiwa kidogo cha Kojani, mashariki ya Pemba, ndio waliojulikana zaidi kwa safari hizo. Madago yao yameonekana tangu mwambao wa Kenya hadi kusini ya Tanganyika. Watumbatu na watu wa Nungwi nao wana historia ndefu ya kuvuka. Kwa mvuvi wa kaskazini ya Unguja, ufuko wa Bagamoyo na Saadani si nchi ya ugeni. Ni ng'ambo ya maji ya nyumbani.

Lakini hakuna dago bila ya mwenyeji. Wageni wakifika, humtafuta mtu wa mahali wanayemjua, au aliyejulikana na baba zao. Yeye huwapeleka kwa wazee wa kijiji, huwaonyesha kisima, huwaambia wapi wajenge vibanda vyao vya makuti na wapi wasijenge, na huwatahadharisha juu ya miamba ambayo wenyeji wameiweka kwa ajili ya madema yao. Kwa upande wao wageni humpelekea mwenyeji kitoweo, huwafundisha vijana wake ushonaji wa nyavu na namna ya kutega jarife, na wakiondoka humwachia samaki wa ng'onda. Mithali ya Waswahili humpa mgeni siku mbili za starehe na jembe siku ya tatu. Katika dago jembe lilikuwa kasia, na lilipokewa siku ya kwanza.

Usuhuba wa namna hiyo hurithiwa. Mtoto wa mwenyeji hupewa jina la nahodha mgeni, na nahodha akipata mtoto humwita kwa jina la mwenyeji wake. Kwa hiyo majina ya watu katika pande mbili za mkondo ni daftari ya madago yaliyopita. Posa nazo hufuata. Mzee akifa Bagamoyo, habari hupelekwa Unguja kwa chombo kinachoondoka usiku ule, na wanaokuja kuzika si jamaa tu. Dini iliukaza uzi huo. Bagamoyo ilikuwa makao ya Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Sheikh Ramiya, aliyeletwa mjini kutoka Manyema akiwa mtumwa, na aliyefariki mwaka 1931 akiwa kiongozi mkuu wa tarika ya Qadiriyya. Na mikusanyiko ya zikri mjini humo iliwavuta watu wa mwambao na wa visiwani. Wavuvi waliogawana wavu wiki nzima waligawana pia mkeka mmoja usiku wa zikri.

Ipo sehemu ya usuhuba huo inayowahusu hasa wapenzi wa ushairi. Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza. Mbaamwezi ikiwaka, taa haina kazi, na kambi hupumzika. Siku hizo ndizo za kushona nyavu, kucheza bao, na kusemezana. Kimrima cha wenyeji hukutana na Kitumbatu au Kipemba cha wageni, na kila upande huucheka msamiati wa mwenziwe kabla ya kuuazima. Jina la samaki mmoja hugeuka mara tatu kati ya Pangani na Kizimkazi, na kubishana juu ya jina la kweli ni mchezo usiokwisha. Katika mazingira kama hayo fumbo hupata soko lake, kwa kuwa mvuvi hapendi kutaja wazi alikotoka wala anakokwenda. Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, aliwahi kufanya kazi ya uvuvi na ubaharia kabla ya jina lake kujulikana kwa diwani ya Kimbunga ya mwaka 1994. Yeye ndiye aliyeandika pia kamusi ya Kitumbatu. Si ajabu kwamba mtu huyo huyo alihifadhi maneno na akatunga mafumbo. Bahari ilimfundisha kwamba neno ni kama alama ya mwamba, lina thamani kwa anayejua kulilinganisha na jingine.

Wanawake hawakwenda dago kwa wingi, lakini pasi na wao habari hii haikamiliki. Wao ndio waliotanda kwa kanga katika maji ya magoti kutafuta uduvi na dagaa, wao ndio waliochokora pweza mwambani maji yakipwa, na wao ndio waliosimama mnadani alfajiri wakiwa na ndoo na beseni. Mchuuzi wa kukaanga asiye na fedha taslimu hupewa samaki kwa neno lake, na hulipa jioni. Neno hilo huweza kuaminiwa kwa sababu nyuma yake wapo mashoga zake wa upatu, ambao mmoja akishindwa wengine humziba. Usuhuba wa wanaume ulipimwa na dhoruba. Wa wanawake ulipimwa na deni, na si jambo la wazi ni upi kati ya hiyo miwili uliokuwa na upepo mkali zaidi.

Juu ya kanuni zote hizo ipo moja isiyojadiliwa: baharini hakuna mgeni. Chombo kikionekana kimevunjika mlingoti, anayekiona huacha mitego yake na kukifuata, hata kama jana waligombana juu ya mwamba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, wavuvi walikuwa miongoni mwa waliotoka kuwaokoa watu. Hawakufanya jambo jipya. Walifanya ambalo baba zao walilifanya kwa ngalawa na mashua zisizoandikwa na gazeti lolote. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na bahari haina dhiki ndogo.

Dola nayo iliingia katika habari hii kwa njia mbili, ya elimu na ya sheria. Mbegani, kusini ya mji wa Bagamoyo, kilijengwa chuo cha uvuvi kilichosaidiwa kwa miaka mingi na Norwei. Leo ni moja ya kampasi za Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, pamoja na Nyegezi ya Mwanza, Kibirizi ya Kigoma na nyinginezo. Hapo kijana wa Ziwa Victoria hukutana na kijana wa Mafia au Pangani, na usuhuba ambao zamani ulivuka mkondo wa kilomita 45 sasa huvuka nchi nzima. Mmoja ameujua sangara, mwingine ameujua nguru. Wote hufundishwa injini ile ile na dira ile ile.

Sheria ilikuwa na athari nyingine. Baada ya Muungano wa mwaka 1964, uvuvi wa karibu na pwani haukuwa jambo la Muungano. Tanzania Bara ina Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2010. Na ni uvuvi wa bahari kuu tu unaosimamiwa na mamlaka ya pamoja, yenye makao yake Fumba. Kwa hiyo nahodha wa Nungwi anayevuka kwenda Bagamoyo hutoka katika sheria moja na kuingia katika nyingine kabla ya chai kupoa. Mwenyeji wake wa zamani hatoshi tena kumdhamini. Hutakiwa leseni, barua ya kwao, na kujiandikisha kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za ufukweni, ambacho wavuvi wengi hukiita BMU. Mbele zaidi, baadhi ya maji yamewekwa hifadhi: Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini tangu mwaka 1975, na Saadani ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ikiwa na sehemu ya bahari ndani yake. Wapo wanaoziona taratibu hizo kuwa ni ukuta katikati ya ndugu. Lakini zipo sababu zilizozileta, na sababu moja iliuma kuliko zote.

Sababu hiyo ni baruti. Kuvua kwa milipuko kulianza kuonekana katika mwambao wa Tanganyika katika miaka ya 1960, na kukakatazwa kwa sheria mwaka 1970. Katazo halikutosha. Mlipuko mmoja huua samaki wakubwa kwa wadogo, na wengi wao huzama wasiokotwe. Matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua hugeuka kifusi. Upimaji wa sauti chini ya maji uliofanywa mwaka 2015 ulinasa milipuko zaidi ya 300, mingi ikiwa katika maji ya jirani na Dar es Salaam. Hatua za dola zilizofuata zikaipunguza sana milio hiyo, na wavuvi wa vijiji vingi walipumua.

Kilichoumizwa na baruti, mbali na matumbawe, ni ule usuhuba wenyewe. Katika kijiji cha pwani mlipuko husikika na watu wote, na mara nyingi mpigaji hujulikana. Ni mtu wa chombo kimoja na fulani, ni somo wa fulani, amewahi kumwokoa fulani usiku wa dhoruba. Kumtaja ni kumsaliti. Kunyamaza ni kuusaliti mwamba na watoto watakaoutegemea. Kanuni ya kale ilimtaka rafiki anyamaze juu ya alama za mwenziwe, na kwa karne nyingi kunyamaza huko kulihifadhi bahari. Hapo ndipo kulipogeuka kukawa ngao ya anayeiharibu. Adabu ile ile, iliyozaliwa kwa ajili ya kulinda, ilitumika kubomoa, na wazee wengi hawakuwa na mithali ya kuwaongoza.

Mgogoro wa nyavu nao ni wa aina hiyo, ingawa hauna mlio. Mgeni wa zamani alikuja na mshipi, dema na jarife. Wa siku hizi huweza kuja na boti ya mashine, ringi neti na taa nyingi, akavua kwa usiku mmoja kiasi ambacho mwenyeji wa ngalawa hakipati kwa mwezi. Mwenyeji akilalamika huambiwa kuwa amesahau udugu. Lakini udugu wa dago haukuwa ruhusa ya kuchukua bila ya kipimo. Mwenyeji alionyesha mwamba, na alionyesha pia mwamba usioguswa. Mgeni aliyelivunja katazo hilo hakupokewa msimu uliofuata, wala mwanawe. Kwa maneno mengine, usuhuba wa wavuvi ulikuwa sheria kabla ya sheria, nao ulikuwa na leseni yake, mipaka yake na adhabu yake.

Jambo hilo likieleweka, ugomvi kati ya desturi na dola hupungua. Kikundi cha ufukweni kinachomwandikisha mgeni hufanya, kwa kalamu, kazi iliyofanywa na mwenyeji kwa mdomo. Tofauti ni kwamba mwenyeji alijua jina la baba wa mgeni, na daftari hujua namba ya chombo tu. Pale ambapo wanaoshika daftari ni wavuvi wenyewe, wenye masomo zao ng'ambo ya maji, namba na jina huandamana; mgeni huulizwa karatasi, kisha huulizwa habari za wazee wake, na jawabu la pili huchukua muda mrefu kuliko la kwanza. Pale ambapo daftari limeshikwa na asiyemjua mtu, karatasi hununuliwa, na mwamba huachwa bila ya mlinzi.

Bagamoyo imeshuhudia mengi yaliyodaiwa kuwa ya milele: liwali wa Sultani, gavana wa Kijerumani, na mipango ya bandari kubwa ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 2015 na kisha ikasimama. Yote hayo yalipangwa na watu waliolitazama jiji kutoka mbali. Usuhuba wa wavuvi ulipangwa na watu waliotazamana usoni katika chombo chembamba, kila mmoja akiwa ameushika uhai wa mwenziwe kwa kamba. Haukuwa na mhuri, na huenda ndiyo maana haukuandikwa. Lakini ndio uliowafanya watu wa pande mbili za mkondo waendelee kuitana ndugu kila bendera iliposhushwa na nyingine ikapandishwa. Ukihifadhiwa pamoja na masharti yake yote, la kugawana na la kukatazana, utaweza kuuhifadhi na mwamba. Ukibakizwa jina tu, bila ya masharti, hautamfaa hata samaki mmoja.